Mhariri, hizo radikali mnazozisema vibaya ndo zinazojenga asidi lipoiki

Ndugu Mhariri,

Salaam. Gazeti lenu nalisoma karibu kila siku na ukurasa wa afya huwa siuruki, ila ile makala yenu ya radikali huru imenikaa vibaya na nimeona bora niandike kuliko kuendelea kulalamika pembeni. Mwandishi wenu kasema radikali ni uchafu, kwamba popote ilipo mwilini inaharibu tu, na kwamba mtu anayejipenda anatakiwa azisafishe zote kwa vidonge, akataja vitamini E, akataja beta karotini, halafu mwishoni akaja na asidi alfa lipoiki akaipamba kweli kweli eti ndo kiboko ya radikali. Sasa hapo kwenye lipoiki ndo niliposhindwa kuvumilia, maana hiyo asidi lipoiki mwilini mwako inajengwa na radikali. Nimesema inajengwa, sijakosea kuandika. Bila radikali hakuna lipoiki, na bila lipoiki seli zako haziwezi kuchoma sukari mpaka mwisho, yaani hakuna uhai.

Kazi yangu ni protini zenye chuma na salfa, so nina upendeleo wangu, nisomeni mkijua hilo. Lakini hili si suala la upendeleo, ni kemia ambayo ishapigwa picha atomi kwa atomi na kila mtu anaweza kuiangalia.

Tuanze na radikali yenyewe. Elektroni kwenye molekuli kwa kawaida hukaa mbili mbili, sasa molekuli ikiwa na elektroni moja ambayo haina mwenzake hiyo ndo radikali, basi, hamna siri nyingine. Moses Gomberg, mkemia wa Chuo Kikuu cha Michigan, ndo alionyesha mwaka 1900 kwamba kaboni inaweza kabisa kukaa katika hali hiyo, na wakati huo watu walimbishia sana. Hata oksijeni unayovuta sasa hivi ukiwa unasoma hii barua ina elektroni mbili zisizo na wenza, ni radikali mara mbili. Nitriki oksaidi inayolegeza mishipa ya damu ni radikali, na waliogundua kazi yake mwilini, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Nobel mwaka 1998. Kwahiyo ukisema usafishe radikali zote sijui unaanzia wapi na unaishia wapi.

Sikatai, zipo radikali mbaya. Radikali ya hidroksili ikizaliwa karibu na DNA inaiharibu pale pale, haichagui, na hoja ya Denham Harman ya mwaka 1956 kwamba uzee unatokana na madhara kama hayo haikutoka hewani. Ila watu walipoichukua hoja hiyo wakaigeuza vidonge matokeo hayakuwa yale ya kwenye matangazo. Utafiti wa Ufini uliotolewa 1994 uliwafuata wanaume wavuta sigara 29,133, na waliopewa beta karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa, ZAIDI, sio pungufu. Marekani utafiti mwingine wa beta karotini ukasimamishwa kabla ya muda wake mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Na ule wa vitamini E kwa wanaume, matokeo ya 2011, saratani ya tezi dume ikaongezeka kwa asilimia 17. Haya yote yako wazi na mwandishi wenu hakuyagusa hata kwa sentensi moja, wakati vidonge ni vile vile alivyovitaja yeye.

Moto wa jikoni na moto unaounguza nyumba ni moto ule ule, tofauti ni umewashwa wapi na nani kaushika. Radikali nayo ni hivyo hivyo, na mimi ninachotaka wasomaji wenu wakijue ni kwamba kuna familia kubwa mno ya enzaimu, yaani protini zinazoendesha kemia ya seli, ambazo kazi yao ni kuwasha radikali makusudi, katikati ya protini, na kuitumia bila kuunguza kitu kingine.

Muundo wake uko hivi. Atomi nne za chuma na nne za salfa zimekaa kwenye pembe za mchemraba kwa kupokezana, chuma salfa chuma salfa, na hiyo ndo inaitwa klasta. Protini inaushika huo mchemraba kwa asidi amino zinazoitwa sisteini, kila sisteini inashika chuma kimoja. Sasa hesabuni wenyewe, vyuma vinne ila sisteini ziko tatu tu, kwahiyo chuma cha nne kinabaki wazi. Hapo kwenye hicho cha nne ndo inakuja kukaa molekuli inaitwa S-adenosilimethionini, jina refu, wote tunaiita SAM, na inakishika kile chuma kwa sehemu mbili, kwa ncha yake ya amino na kwa ncha yake ya kaboksili. SAM sio kitu cha ajabu, iko kwenye kila seli, inajulikana zaidi kwa kugawa vikundi vya methili (kaboni moja na haidrojeni tatu) huku na kule. Lakini ikikaa hapo kwenye chuma cha nne mambo yanabadilika kabisa. Klasta inapokea elektroni moja kutoka kwa protini jirani, inaisukuma kwenye SAM, kifungo kati ya salfa na kaboni kinakatika, upande mmoja inabaki methionini na upande wa pili inazaliwa radikali ya deoksiadenosili ambayo ni kali kuliko karibu kila kitu kilichopo kwenye seli. Hiyo radikali inanyakua atomi ya haidrojeni kutoka kwa molekuli inayolengwa, na ikishanyakuliwa hiyo haidrojeni molekuli inayolengwa nayo inageuka radikali, na kuanzia hapo inaweza kufanya mambo ambayo kwa kemia ya kawaida hayawezekani.

Mtu atauliza kwanini kujisumbua hivyo. Ni kwa sababu kuna kaboni ambazo hazishikiki. Kaboni iliyozungukwa na haidrojeni tupu, katikati ya mnyororo wa mafuta kwa mfano, haina asidi wala besi ndani ya seli inayoweza kuigusa, imetulia tu. Ukitaka kupachika salfa hapo lazima kwanza ung'oe haidrojeni kwa nguvu, na nguvu hiyo ni ya radikali. Viumbe vinavyovuta hewa vina njia nyingine ya kutumia oksijeni, ila vijidudu vya zamani viliishi kabla hewa haijajaa oksijeni na walikuwa na chuma na salfa tele, wakatumia walichonacho.

Historia ya jambo hili imekwenda polepole sana. Mwaka 1970 H. A. Barker na wenzake walieleza enzaimu ya bakteria wa jamii ya Clostridium inayohamisha kikundi cha amino kwenye lisini kutoka kaboni moja kwenda ya jirani, na ikaonekana inahitaji chuma na SAM na haihitaji vitamini B12 ambayo ndo kila mtu alidhani inahusika na kazi za namna hiyo. Ujerumani Joachim Knappe alikuwa anahangaika na enzaimu nyingine ya E. coli, bakteria wa utumboni, nitaifikia. Perry Frey ndo aliyeuliza mwaka 1993, nusu utani, kama SAM ni B12 ya maskini. Halafu mwaka 2001 Heidi Sofia na wenzake wakapitisha kompyuta kwenye mpangilio wa protini zilizojulikana wakitafuta alama moja tu, sisteini, ruka tatu, sisteini, ruka mbili, sisteini, na wakatoka na enzaimu zipatazo 600. Watu walikuwa wanadhani ziko chache za kuhesabu kwa vidole. Leo mpangilio unaobeba alama hiyo ni mamia ya maelfu, kwenye bakteria, arkea, mimea na sisi binadamu.

Swali ambalo mwandishi wenu angetakiwa aulize, na ambalo ni zuri, ni hili: kama radikali ni kali hivyo mbona haiunguzi enzaimu yenyewe? Hilo halijibiki bila kuuona muundo, yaani picha inayoonyesha kila atomi ya protini imekaa wapi, na miundo ilianza kutoka 2003 na ile ya HemN, enzaimu ya bakteria inayosaidia kutengeneza himu (ile sehemu yenye chuma kama iliyomo kwenye himoglobini) pasipo oksijeni, mwaka uliofuata ikaja ya biotini sinthesi kutoka kundi la Catherine Drennan kule MIT, halafu nyingine zikafuatana. Wote wakaona umbo linalofanana, protini imejikunja kama pipa, nyingine pipa zima nyingine pipa lenye ubavu mmoja wazi, na klasta iko ndani kwenye mdomo wa pipa, SAM imeigusa klasta, na molekuli inayolengwa imekaa mbele ya SAM kwa umbali wa kama angstromu 4. Angstromu 4 ni karibu mno, ni upana wa atomi mbili tatu hivi. Na shimo lenyewe limefungwa, maji hayazunguki humo, hakuna cha kunyakua kando zaidi ya ile haidrojeni moja iliyoelekezwa puani mwa radikali. Yaani protini haiipunguzi radikali ukali hata kidogo, inachofanya ni kuinyima nafasi ya kwenda kwingine.

Na kumbe hata hapo hatukuwa tumemaliza. Mwaka 2016 kundi la Joan Broderick wa Montana State na Brian Hoffman wa Northwestern walisimamisha mmenyuko ghafla kwa kuugandisha, wakaupima kwa mashine inayosikia elektroni zisizo na wenza, wakakuta kitu ambacho vitabu havikukitarajia, kaboni ya ile radikali imejishikiza moja kwa moja kwenye chuma cha nne. Kwahiyo radikali ikizaliwa haiachiwi hivi hivi, inafungwa kwanza kwenye chuma halafu ndo inafunguliwa wakati wa kazi. Radikali yenyewe ikiwa huru ilikuja kushikwa na kupimwa mwaka 2019, na hapo walitumia mwanga kuikata SAM ndani ya sampuli iliyogandishwa. Miaka karibu hamsini tangu Barker. Mimi huwa nawaambia wanaonizunguka kwamba hii ndo subira ya sayansi, wengine wanaona naongea tu.

Sasa turudi kwenye lipoiki ya mwandishi wenu, na hapa naomba mnivumilie maana ndo sehemu tamu.

Asidi lipoiki ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1951 na Lester Reed na wenzake, walianza na mabaki ya maini kama tani 10 wakapata miligramu 30 tu. Tani kumi! Ni mnyororo wa kaboni nane wenye salfa mbili, moja kaboni ya 6 na nyingine kaboni ya 8. Kaboni hizo kabla ya salfa ni zile zile nilizosema hazishikiki. Enzaimu inayopachika salfa inaitwa lipoili sinthesi na ina klasta mbili. Klasta ya kwanza ndo ile ya SAM, inawasha radikali. Klasta ya pili iko upande wa pili wa shimo, na watu walijiuliza sana inafanya nini pale, wengine walidhani inapitisha elektroni tu kama klasta nyingi zinavyofanya.

Kazi yake ni kuliwa. Salfa zote mbili zinazoingia kwenye lipoiki zinatoka kwenye hiyo klasta ya pili. Radikali inang'oa haidrojeni kwenye kaboni ya 6, kaboni inajishika kwenye salfa ya klasta, halafu SAM nyingine inakuja, radikali nyingine, haidrojeni ya kaboni ya 8, salfa ya pili. Mwaka 2016 kundi la Drennan na la Squire Booker walitoa muundo wa fuwele, yaani picha ya eksirei ya protini iliyofanywa fuwele, uliokamatwa katikati ya kazi, salfa ya kwanza ishaingia ya pili bado, na kwenye picha ile klasta ya pili ishapoteza chuma kimoja na mnyororo umejifunga kwenye salfa yake. Ni moja ya picha ninazozipenda kuliko zote kwenye fani hii, unaona kabisa enzaimu ikijila yenyewe. Ikimaliza mzunguko mmoja klasta imebomoka na enzaimu imekufa. Miaka mingi kulikuwa na ubishi kama kitu kinachofanya kazi mara moja na kufa kinastahili hata kuitwa enzaimu, wengine wakasema hii ni malighafi tu imevaa nguo za enzaimu, mpaka 2017 McCarthy na Booker wakaonyesha kwamba kuna protini nyingine ya E. coli, NfuA, inayokuja kuirudishia klasta mpya ili iendelee na kazi. Ubishi ukapoa.

Biotini nayo, hii wanayouza ya nywele na kucha, bakteria wanaitengeneza kwa ujanja unaofanana. Enzaimu yake ina klasta ya pili ndogo ya vyuma viwili na salfa mbili, na molekuli inayolengwa imebanwa katikati, klasta moja huku klasta nyingine kule. Salfa ya biotini inatolewa kwenye hiyo klasta ndogo. Na kwenye muundo wa 2004 kuna kitu kiliwashangaza watu wote, moja ya asidi amino zinazoishika klasta hiyo ni arjinini, ambayo kwa kawaida haikamati chuma kabisa. Mpaka leo watu wanakuna vichwa kuhusu hiyo arjinini.

Binadamu hatutengenezi biotini lakini lipoiki tunatengeneza, na tunaijenga pale pale juu ya protini inayoihitaji, ndani ya mitokondria, ikiwa imeshikwa tayari. Lipoiki ya kidonge haiendi kuchukua nafasi hiyo. Watoto wachache duniani wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni ya enzaimu hii wanapata degedege na damu yao inajaa asidi laktiki tangu wakiwa wachanga. Hayo ndo matokeo ya kukosa radikali moja sahihi sehemu moja sahihi, na hakuna mtu anayeyaandika kwenye kurasa za afya.

Kwenye mwili wetu enzaimu za familia hii ni chache, nane hivi, ila angalieni kazi zake. Moja inaitwa vaiperini, seli inaiwasha ikishambuliwa na virusi. Kwa miaka watu walijua inazuia virusi vingi vya aina tofauti lakini hawakujua vipi, mpaka 2018 ikaonekana kwamba inachukua CTP, moja ya matofali ya RNA, inaibadilisha kidogo tu kwa njia ya radikali, na tofali hilo bovu virusi kama Zika kikilitumia kujenga RNA yake ujenzi unasimama hapo hapo. Seli zetu zimekuwa zikitengeneza dawa ya virusi kwa radikali kabla hata hatujawa na viwanda vya dawa. Nyingine ni MOCS1, inaanza hatua ya kwanza ya kutengeneza kishikizo cha molibdenamu, molekuli ndogo inayoshika madini hayo ili enzaimu nyingine zifanye kazi, ikiwemo ile inayoondoa salfaiti. Mtoto akizaliwa bila hiyo salfaiti inajaa mwilini, ubongo unaharibika haraka, na ilikuwa hakuna cha kufanya. Sasa kwakuwa watu walishaelewa radikali inatengeneza nini pale, wakatengeneza hiyo hiyo molekuli kama dawa ya sindano, fosdenopterini, na Marekani ikaikubali Februari 2021. Wenyewe hawakusafisha radikali yoyote, walichofanya ni kufidia kazi yake.

Sio kwamba familia nzima ni malaika. Kuna moja inaitwa Cfr, ipo kwa baadhi ya bakteria, inaweka kikundi cha methili kwenye ribosomu yao, mashine ya seli ya kujengea protini, sehemu ile ile ambapo antibayotiki zinakaa, na kwa mguso huo mmoja inazuia makundi matano ya antibayotiki, ikiwemo linezolidi ambayo madaktari huitunza kwa wagonjwa walioshindikana. Hiyo ni radikali inayotuumiza kweli, na vitamini E haiwezi kuifanya chochote.

Nilisema nitamfikia Knappe. Enzaimu yake inaitwa piruveti formeti-liesi, E. coli wanaitumia wanapoishi pasipo oksijeni, kama ndani ya utumbo. Hii radikali yake haiko kwenye SAM, iko kwenye uti wa protini yenyewe, kwenye glisini namba 734, na iliwekwa pale na enzaimu nyingine ya familia yetu kwa kutumia klasta na SAM. Ikishawekwa inadumu saa nyingi, imefukiwa ndani ya protini, inatulia. Ila ingiza oksijeni kidogo, protini inakatika vipande viwili hapo hapo kwenye glisini 734. Oksijeni! Yaani kwenye makala yenu oksijeni inazaa radikali na radikali inaharibu protini, huku kwetu radikali ndo inaishi vizuri ndani ya protini na oksijeni ndo inakuja kuharibu.

Na hilo ndo linafanya kazi hii iwe ngumu kwa mikono. Protini hizi zikiwa nzima zina rangi ya kahawia iliyokolea, ukiwa na ya kutosha kwenye kijichupa inakuwa nyeusi nyeusi kabisa. Unafanya kila kitu ndani ya sanduku la glavu lenye naitrojeni, mikono imo ndani ya mipira minene, unashindwa hata kujikuna pua, fuwele zenyewe ni ndogo kuliko chembe ya chumvi na unatakiwa uzinase kwa kitanzi kidogo uzitumbukize kwenye naitrojeni ya kimiminika bila kuzivunja. Sanduku likivuja kidogo tu rangi inaanza kufifia, kahawia inakuwa njano halafu inakuwa maji, klasta imekwenda, na hapo hamna namna, unaanza upya kukuza bakteria. Ukifika kwenye sinkrotroni, mashine kubwa ya kutoa eksirei za kupigia picha fuwele, eksirei zenyewe nazo zinaingiza elektroni kwenye chuma wakati unapiga picha, so lazima ujiulize kama unachokiona ni enzaimu au ni enzaimu iliyoguswa na mashine yako. Watu siku hizi wanasema kompyuta imemaliza kazi, na kweli Nobel ya kemia 2024 ilienda huko na waliistahili, lakini AlphaFold, programu ya kutabiri umbo la protini, ile ya 2021 ilikupa protini tupu, mahali pa klasta unakuta shimo na sisteini tatu zimeelekeana. Toleo la 2024 linaweka na molekuli ndogo, ni hatua, bado klasta iliyoliwa nusu kama ile ya lipoili sinthesi hakuna kompyuta iliyoitabiri kabla ya fuwele.

Niongeze moja la naitrojeni. Enzaimu inayochukua naitrojeni ya hewa na kuifanya mbolea ina klasta kubwa ya ajabu, muundo wake ulitoka 1992, mwaka 2002 ikaonekana kuna atomi moja nyepesi katikati ambayo haikuonekana mwanzo, mwaka 2011 ikathibitika ni kaboni, na 2012 ikajulikana kaboni hiyo inatoka kwenye SAM na inapachikwa na NifB, ambayo nayo ni ya familia hii hii ya radikali. Sehemu kubwa ya naitrojeni iliyomo kwenye mimea na wanyama kwa enzi zote imepitia mlango huo.

La mwisho ni kwa mwandishi wenu hasa. Kusafisha radikali kwa dawa kunawezekana, na kunafanyika, ila sio kama alivyoandika. Seli yoyote ikitaka kugawanyika lazima itengeneze matofali ya DNA, na enzaimu inayotengeneza hayo matofali kwa binadamu inabeba radikali kwenye asidi amino ya tairosini, karibu na vyuma viwili. Hii haina salfa kwenye chuma chake, ni jirani tu wa familia niliyoieleza, na Ehrenberg na Reichard wa Sweden ndo walioitambua mwaka 1972. Dawa ya haidroksiyurea inaizima radikali hiyo. Inatumika kwenye baadhi ya saratani za damu, na kwa wagonjwa wa selimundu inasaidia kupandisha himoglobini ya kitoto, Marekani iliiruhusu kwa selimundu 1998, na kila anayeitumia anajua lazima apimwe damu mara kwa mara kwa sababu chembe nyeupe zinaweza kushuka sana. Zinashuka kwa sababu uboho umeshindwa kutengeneza DNA. Hivyo ndo kusafisha radikali kunavyokuwa ukifanikiwa kweli, kunahitaji daktari na vipimo, sio chupa ya vidonge ya kuagizia.

Kwahiyo ombi langu, Mhariri, ni dogo. Chapisheni sahihisho kwamba beta karotini na vitamini E za vidonge zilishajaribiwa kwa maelfu ya watu na matokeo yakawa hayo niliyoyataja, na kwamba asidi lipoiki inajengwa mwilini na radikali. Barua najua ni ndefu, mkikosa nafasi kateni kipande cha naitrojeni na kile cha sanduku la glavu, sitanuna. Cha lipoiki muiache kama ilivyo, na jina la Cfr msilibadilishe herufi kama mnavyofanyaga.

Wenu,
Msomaji wa kila siku